Shimo la Mama Issa

Wanangu mnaoanza kazi kwenye wodi ya watoto, siku mkinikuta nimeinama nyuma ya kitanda cha mgonjwa nikipapasa ukuta, msinicheke wala msimwite mtu. Akili zangu zimetimia. Nimestaafu zamani, ila mazoea hayaniachi.

Ninachotafuta pale ni alama za kucha. Mtoto mwenye safura, maradhi ya minyoo inayomaliza damu, hula udongo, na udongo akiukosa hula chokaa ya ukutani. Utamwona mpole, ametulia, hata mama wa kitanda cha jirani anamsifu kwamba hana usumbufu. Kumbe ukigeuka tu anachokonoa. Basi kabla hujangoja majibu ya maabara, mvute kope ya chini. Ndani pawe pekundu kama ndani ya pera lililoiva. Ukipakuta peupe kama nyama ya nazi, huyo usimruhusu aondoke.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa ya serikali, pwani hiihii ya Lindi, enzi za Mwingereza, kabla ya Vita vya Pili. Mimi niliingia kama yaya wa wodi, wa kufua mashuka na kuosha makopo. Unesi nilifundishwa baadaye, humohumo kazini, na aliyenifundisha zaidi ni dresa mkuu wetu, msaidizi wa daktari, Mzee Bakari Chinguile. Alikuwa Mmakonde mwenye chale uso mzima na sauti ndogo kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Watoto walipomwona mara ya kwanza walipiga kelele. Baada ya siku mbili walikuwa wakimng'ang'ania miguu.

Mzee Chinguile alikuwa na maswali yake. Mama akifika na mtoto, sisi tunauliza homa imeanza lini, yeye anauliza: analala na nani? Chakula kikiiva, nani anaanza kupakua? Akitaka kujisaidia anakwenda wapi? Mimi msichana wa mjini niliona ule ni umbea wa kizee. Nilikuja kuacha kucheka siku ya mtoto wa kijiji cha Kitomanga.

Mtoto yule alikuwa amevimba miguu na nywele zimegeuka rangi ya kutu. Daktari akaagiza apelekewe maziwa ya kopo nyumbani. Baada ya muda mama akarudi, mtoto vilevile. Daktari akafoka sana. Mzee Chinguile akauliza tu, "Kwenu nani anakunywa chai wa kwanza?" Yule mama akajifunika uso na kanga, akacheka kwa aibu. Kopo lilikuwa linaishia kwenye chai ya baba mkwe, na ya mashemeji, na ya mgeni yeyote aliyebisha hodi. Mtoto analambishwa kifuniko. Hatukubadilisha dawa. Tulimwita baba mkwe hospitalini, tukampa kiti, tukamwamkia vizuri, tukamwomba yeye ndiye awe mlinzi wa kopo. Alililinda kama askari. Mwanawe mwenyewe akiomba tone anafukuzwa. Mtoto akanawiri, na mzee akawa kila akija mjini anatupitishia mihogo.

Hilo ninalisimulia mcheke. Hili jingine sijawahi kulicheka.

Hadija aliletwa mgongoni kwa mama yake, kutoka kijiji kidogo mbele ya Mchinga, kwenye ufuko wa mawe matupu. Alikuwa na umri wa mtoto anayeanzishwa chuo cha Kurani. Uso umevimba, kope nyeupe, moyo unamdunda hadi unauona shingoni. Tulimpa dawa ya safura, ile iliyonuka mpaka nje ya uzio, tukamwosha tumbo kwa haluli, ile chumvi ya kuharisha, kisha dawa ya chuma iliyomtia weusi kwenye meno. Akapona. Siku ya kuondoka alikuwa anamkimbiza paka wa jikoni.

Msimu wa korosho haujaisha, akarudi. Tukamtibu upya, akaondoka mzima. Akarudi tena, na safari hii alikuwa vibaya kuliko zote.

Tena alikuwa na jambo geni. Ukimlaza kitandani anateremka, analala sakafuni kifudifudi, sikio limebanwa kwenye saruji. Nikadhani anatafuta ubaridi. Nikachuchumaa karibu yake, nikamwuliza, "Unasikiliza nini, mwanangu?"

"Issa."

"Issa nani?"

"Kaka." Akahamisha sikio, akalibana mahali pengine. "Huku hapumui."

Nilipoinua macho, mama yake alikuwa mlangoni na bakuli la uji, anatutazama. Akasema kwa haraka, "Mtoto ana homa huyo, anaweweseka." Nikamgusa Hadija paji la uso. Hakuwa na homa.

Daktari wetu, Mwingereza mrefu, alikuwa mtu mwema lakini mwepesi wa hasira. Alipomwona Hadija amerudi aligonga meza. "Mama huyu hana choo! Minyoo inaingia kwa miguu, nimesema, nimesema!"

"Choo anacho, bwana," Mzee Chinguile akajibu kwa sauti yake ndogo. "Jumbe wa kijiji chao alikikagua, akakisifu. Ndiyo maana nataka nikakione."

Daktari akatikisa kichwa, akasema nendeni. Mama alibaki wodini na mtoto wake. Alipoambiwa tunakwenda kwake alimvuta mtoto kifuani.

Tulipanda lori la mkonge mpaka Mchinga, kisha tukashika njia ya miguu. Jua lilikuwa kali, mawe ya pwani ile yana ncha, yametoboka-toboka kama mkate wa kumimina. Kijijini tuliwakuta kina mama wanatwanga, tukasalimia, tukauliza kwa Mama Hadija.

Michi ikasimama.

"Hapa hatuna Mama Hadija," mmoja akasema. "Labda mnamtaka Mama Issa."

"Na huyo Issa mwenyewe yuko wapi?" Mzee Chinguile akauliza.

"Yupo," akajibu binti mmoja. Mwenzake akamkanyaga mguu. Hakuna aliyekubali kutusindikiza. Walituonyesha kwa kidevu tu.

Nyumba ilikuwa peke yake mwisho wa kijiji, ya udongo, imefagiwa vizuri. Mzee Chinguile hakuingia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachutama, akaniita. Ukutani kulikuwa na vishimo, vimechimbwa kwa vidole, vingine vina alama za meno. Palikuwa na safu ya chini, mbichi, kimo cha Hadija. Juu yake palikuwa na safu nyingine, kimo cha mtoto mkubwa zaidi. Hiyo ya juu ilikuwa imekauka, utando wa buibui umeingia. Ukuta wote mwingine ulikuwa umekandikwa upya; sehemu ile ilikuwa imeachwa makusudi, na udongo mpya ulikuwa umezungushwa kando yake kwa uangalifu, kama anayeogopa kufuta maandishi.

"Walikuwa wawili," Mzee Chinguile akasema.

Tulikuwa bado tumechutama tuliposikia nyayo nyuma yetu. Alikuwa Mama Issa, na Hadija mgongoni. Alikuwa ametoroka wodini, akapanda lori lililotufuata. Alikuwa anatweta. "Mmekwisha kuingia kule?" akauliza.

"Bado, mama," Mzee Chinguile akasema. "Tunakungoja wewe mwenye nyumba."

Nadhani jibu lile ndilo lililotufungulia. Angekuwa mkaguzi angeingia bila hodi. Mama akamshusha mtoto, akajifuta miguu kwa kanga kama anayeingia msikitini, akatutangulia.

Choo kilikuwa hatua chache nyuma ya nyumba, kimezungushiwa makuti mapya. Ndani hakikunuka choo. Kilinuka ubani. Magogo ya kukanyagia yalikuwa hayajawahi kukanyagwa. Pembeni kulikuwa na mkeka mdogo, na karibu na tundu palikuwa na chetezo, kaa moja bado lina moto. Moshi ulikuwa unapanda kidogo, kisha unapinda, unashuka wenyewe ndani ya tundu, mpaka hauonekani tena. Ukatulia. Halafu ukatoka. Ulitoka polepole, na hewa yenye umande ikanipiga usoni, ikainua ncha ya kitambaa changu cha kichwa.

Nikasikia pumzi. Si upepo, wanangu, upepo naujua. Ilikuwa pumzi ya mtoto mwenye kifua kibovu, inavutwa kwa shida, inakwama katikati, inangoja, kisha inashuka na mkoromo. Nimekaa na watoto wengi wa namna hiyo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta mto wa kumwinulia mgonjwa kichwa.

Mzee Chinguile alinishika kiwiko.

Hadija alikwisha kujilaza kwenye mkeka, sikio kwenye magogo. "Shikamoo kaka," akasema.

Mama Issa alitutazama mmoja mmoja. "Mmesikia?"

"Tumesikia," nikamjibu.

Akaanza kulia pale. Akasema sisi ndio watu wa kwanza kukubali. Majirani walisikia wakakimbia, jumbe alisikia akasema ni masikio yake. Akatueleza yote. Issa alidhoofika kama Hadija anavyodhoofika, alikula ukuta kama yeye, kisha kifua kikamwingia na nguvu ya kupigana nacho hakuwa nayo. Hakumleta hospitali kwa kuwa mumewe hakuwepo na mama mkwe alisema kwa Wazungu mtu anakwenda kufa. Walipomzika, mume akapata ruhusa kutoka mashamba ya mkonge, na kwa kuwa jumbe alikuwa anawabana watu wachimbe vyoo, akachimba hiki palepale, matanga hayajaondoka. Alipofika chini sururu ilizama, jiwe likatoboka, likafungua uwazi. Alasiri yake shimo likaanza kupumua. Mume alirudi kwenye mkonge siku ya pili na hakurudi tena kukaa.

"Anapumua kwa nguvu siku za bamvua," mama akasema. "Maji yakiwa mafu anachoka, simsikii kabisa. Siku hizo silali."

Mimi na Mzee Chinguile tukatazamana. Watoto wa pwani hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Chini ya mawe yale palikuwa na pango, na bahari inaingia na kutoka, kwa nguvu bamvua inapojaza maji, kidogo tu maji yakiwa mafu.

"Mama," Mzee Chinguile akaanza, taratibu, "hiyo ni bahari."

"Najua ni bahari, bwana dresa. Nimezaliwa hapahapa." Akapangusa macho. "Lakini bahari ilijifunza wapi kupumua kama Issa?"



Sasa ndiyo mniangalie vizuri, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ugonjwa wa Hadija tulikuwa tumeuona. Choo kile hakitumiki, kwa kuwa mama gani atamwacha mtu ajisaidie juu ya mwanawe? Basi nyumba nzima, na majirani walioogopa kuchimba vyao wasije wakafungua mashimo mengine yanayopumua, walikuwa wanakwenda kwenye migomba ya bondeni, kwenye kivuli na unyevu, miguu mitupu. Jumbe alitaka kulifukia shimo. Mama alikuwa amekwisha kumsimamia na panga. Tungelifukia kwa nguvu, angemchukua Hadija akapotelea milima ya Matumbi, na safari ya nne tusingemwona tena.

Nilikaa naye kwenye mkeka ule mpaka adhuhuri. Sikumwambia habari ya minyoo. Nilimwuliza Issa alipenda nini, alikuwa mtundu kiasi gani, nani alimpa jina. Akacheka mara moja, akakumbuka alivyoiba sukari. Baadaye sana ndipo nikamwuliza, "Issa angependa mdogo wake alale hapa kwenye umande?"

Alifikiri. "Asingependa. Alikuwa anamfukuza hata kwenye mvua."

"Basi pahala hapa pabaki pa Issa. Hatufukii. Tuchimbe kingine upande wa mchangani, kwa ajili ya Hadija."

"Na kikipumua?"

Mzee Chinguile akavua koti lake la kazi, akalitundika kwenye makuti. "Kikipumua nitakifukia mimi, na mimi nitabeba lawama."

Mwalimu wa chuo cha Kurani pale kijijini aliposikia akaja. Nilimpenda mzee yule kwa ukweli wake. Akasema, "Maiti hapumui, na roho haikai chooni, hilo liko wazi." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila mimi mwenyewe nikipita hapa nasoma dua." Alisimama kando wakati Mzee Chinguile anachimba. Mimi nilikuwa natoa mchanga kwa karai. Watu walijikusanya mmoja mmoja, kwa mbali, wakajipanga nyuma ya minazi. Hakuna aliyekuja kutusaidia. Shimo lilipomfika Mzee Chinguile kifuani akatoka, akasema, "Sasa tungoje maji yajae. Kila mtu asikie mwenyewe."

Ilikuwa siku ya bamvua. Alasiri bahari ikapanda, ikafunika mawe yote. Nyuma ya makuti tulisikia Issa ameanza, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, akivuta na kukwama. Kijiji kizima kilikuwa kimezunguka shimo jipya, watu wameinamisha vichwa. Wanawake wameziba midomo kwa kanga. Mwalimu wa chuo midomo inamcheza. Mama Issa alikuwa amepiga magoti ukingoni kabisa, sikio chini.

Shimo jipya lilikaa kimya. Mchanga kidogo ulimomonyoka ukingoni, watu wakaruka; kisha kimya tena.

Ndipo nyuma ya makuti pumzi ikakatika. Ikakaa. Halafu kikatoka kikohozi, kimoja, kikavu, cha mtoto.

Kila mtu alikisikia. Nawaapieni. Mwanamume mmoja mkubwa, mvuvi mwenye kifua kama pipa, alikaa chini kama aliyekatwa miguu. Mimi nilikuwa tayari kukimbia, nimekwisha kukusanya nguo.

Mama Issa akainuka, akakung'uta mchanga magotini. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi.

"Amekohoa," akasema. "Amekubali."

Yule mvuvi ndiye aliyesimama wa kwanza, akamnyang'anya Mzee Chinguile jembe. Kabla ya magharibi choo kilikuwa kimekwisha, na watu wawili wamekwisha kuomba waonyeshwe pa kuchimba vyao.

Hadija tulirudi naye wodini, tukamtibu mara ya mwisho. Mzee Chinguile alimkatia viatu vya katambuga kwa tairi la lori, vikubwa kama mashua, na mtoto akawa anavikokota kwa fahari. Daktari alitaka kujua tumefanyaje. Tulipomweleza hakuamini, akaenda mwenyewe, nami nikafuatana naye. Alisimama juu ya lile tundu, akaliziba kwa kofia yake, na kofia ikainuka mikononi mwake. Akamweleza mama kwa urefu habari ya mapango na maji. Mama alisikiliza kwa adabu, akampa madafu. Daktari alipotangulia, mama akaniambia, "Mzungu ameeleza vizuri sana. Basi tu hakumjua Issa." Lakini kuanzia hapo daktari aliweka utaratibu: mtoto akilazwa kwa maradhi yaleyale mara ya pili, mmoja wetu lazima afike kwao kabla ya kumruhusu. Tulikwenda mpaka Kiranjeranje. Tulikuta wasioweza kuchemsha maji kwa sababu kuni ziko kwenye shamba la mtu aliyewagombeza, na wanaolala bila chandarua kwa sababu chandarua kilifanywa sanda. Mengine tuliyaweza, mengine hatukuyaweza.

Miaka ilipita. Vita vikaja vikaisha, sindano ya penisilini ikatufikia, Mzee Chinguile akafariki. Asubuhi moja nikiwa zamu, mwanamke kijana akaingia na kitoto kichanga, akaniamkia. Sikumtambua mpaka alipocheka. Hadija. Kope zake nyekundu kama pera.

"Kifua kimemwanza jana," akasema. "Sikungoja."

Nikampongeza kwa kuwahi. Nikauliza habari za mama yake, akasema hajambo, mzima. Kisha akasema, kama anayetaja hali ya hewa, "Shimo limenyamaza, nesi. Tangu huyu azaliwe. Bamvua zinakuja zinapita, mama anakaa pale hasikii kitu."

"Labda jiwe limeporomoka huko chini," nikasema.

"Labda."

Nikamchukua mtoto, nikaweka sikio kifuani kwake. Alivuta pumzi kwa shida. Ikakwama katikati. Ikangoja. Ikashuka na mkoromo.

Nilibaki nimeinama hivyo, siwezi kuinua kichwa.

"Unaijua, siyo?" Hadija akauliza.

"Ninaijua."

"Basi safari hii msimwachie."

Niliita sindano kwa sauti ambayo wodi ile haikuwahi kunisikia nayo. Tulimwinulia kichwa, tukamkamulia maziwa ya mama yake kijiko kwa kijiko, tukapokezana kumshika wima, na hatukumwachia. Alipopona nilisimama barazani kuwatazama wanaondoka. Mtoto alikuwa amelala begani, kimya kabisa, na Hadija kila akienda kidogo alisimama katikati ya njia, akamwinamishia kichwa, akamsikiliza pumzi, ndipo akaendelea.